Mtu wa Karibu

Fomu niliiandika mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu nimewasikia watu pale kazini wakisema kwamba "fomu ilikuwa na shida", kana kwamba fomu huota yenyewe shambani kama magugu. Haikuota. Niliiandika Jumamosi moja, kwa mkono wangu, nikiwa na kikombe cha chai na majivuno mengi.

Wakati huo kampuni yetu ilikuwa imeanza kukua kwa kasi ya kutisha. Nilipoajiriwa, ilikuwa banda moja la mabati nje kidogo ya mji wa Machakos, kwenye barabara ya kwenda Kangundo, na kazi yake ilikuwa kukausha maembe. Mkurugenzi aliwajua wafanyakazi wote kwa sauti. Mtu akikohoa nyuma ya banda, alimjua ni nani. Kisha wakaja wanunuzi wa ng'ambo, likajengwa jumba kubwa lenye sakafu ya vigae, zikaletwa mashine nyingine za kukaushia, tukaongeza mananasi na ndizi, na watu wakaanza kuja kutafuta kazi kutoka Kithimani, Mwala, Muthetheni na kwingineko. Mimi nilipewa chumba kilichokuwa stoo, kikawekewa mlango wa mbao nyepesi, na juu yake pakabandikwa karatasi: OFISI YA WAFANYAKAZI. Mpaka leo chumba hicho kinanuka maembe.

Kazi yangu ni kuajiri, kupanga likizo, kuandika barua za onyo, na kusikiliza. Hii ya mwisho haimo kwenye mkataba wangu, lakini ndiyo inayokula siku. Huja mtu kuomba ruhusa ya nusu siku, na kabla hujashika kalamu ameshakwambia habari za mume, za mkwe, za mtoto aliyekataa shule. Nina pakiti ya tishu mezani. Nina pia hasira za karibu, wote wanajua, na wanaokuja kulia kwangu huja wakijua kwamba huenda nikawagombeza kwanza ndipo niwape tishu.

Fomu ya zamani ya mfanyakazi mpya ilikuwa ya Kiingereza. Kulikuwa na mahali pa kuandika next of kin, yaani jamaa wa kupigiwa simu mtu akipatwa na jambo. Ungecheka ungeona majibu. Mmoja aliandika "Kenya". Mwingine aliandika kabila lake. Mzee wetu wa lango aliandika "Mungu", na palipotakiwa namba ya simu akaandika "anapatikana saa zote". Nilicheka, kisha nikakasirika. Watu wazima wanaulizwa mambo ya maisha yao kwa lugha ya kubahatisha!

Baba yangu alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Alifundisha Mombasa miaka yake yote, na sisi watoto tukakulia huko. Jina langu ni la Kikamba, babu yangu amezikwa Kangundo, lakini Kikamba changu ni cha salamu na cha kununulia sukuma wiki. Kiswahili ndicho nilichorithi. Baba alikuwa akisikia neno limetumiwa vibaya redioni anaizima redio, na mimi nimechukua ugonjwa huo. Kwa hiyo Jumamosi ile niliitafsiri fomu nzima. Nikaifupisha iingie ukurasa mmoja. Palipokuwa na next of kin nikaandika: "Mtu wa karibu, na namba yake ya simu." Palikuwa pia na sehemu ya kueleza uhusiano, mama au mume au ndugu, nikaifuta ili nafasi itoshe. Nilijiambia, nani ataandika mtu asiye wake?

Mkurugenzi aliisifu. Wafanyakazi wakaanza kuniita Madam Kiswahili, na nilijifanya sipendi.

Fomu zilijazwa siku moja, jumbani, wakati wa chai. Nilisimama mlangoni nikiwatazama wakipokezana kalamu juu ya meza zile za chuma wanazokatia maembe. Walikuwa wanacheka. Walikuwa wanaulizana namba za simu, huyu anasoma, yule anaandika, na nikawaza, tazama jinsi watu wanavyopendana. Sikujiuliza swali ambalo hata mtoto angejiuliza: kwa nini mtu amwulize mwenzake wa mezani namba ya simu ya mama yake mwenyewe?

Kulikuwa na dada mmoja wa meza ya tatu, mkataji, wa kutoka Muthetheni. Hakuwa ameolewa. Alikuwa mpole, na mikono yake ilikuwa na kasi ambayo msimamizi alikuwa akiwaonyesha wageni. Katika muda wote aliotumikia kwetu alikuja ofisini kwangu mara moja tu, kuomba siku mbili akamsaidie mama yake kupura ndengu. Nilimpa. Aliporudi aliniletea ndengu kwenye karatasi ya gazeti, akaziweka mezani, akasema asante, akaenda zake. Wale wasumbufu nawajua mpaka majina ya mbuzi wao. Huyu hakunisumbua, kwa hiyo sikumjua.

Ilikuwa Jumanne, kama saa nne asubuhi. Alisema kichwa kinamgonga. Akaweka kisu chini vizuri, akakaa juu ya kreti, na alipokuwa anafungua aproni akaanguka. Tulimbeba mpaka kwenye pikapu ya kampuni, msimamizi akapanda naye, wakaenda hospitali mjini. Mimi nilibaki ili nimpigie jamaa yake. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nilivuta faili lake, nikaipata fomu yangu nzuri, nikapata jina la mwanamke na namba. Nikashukuru kwamba nimeandika fomu inayoeleweka. Nikapiga.

Jumbani kwetu hairuhusiwi kuingia na simu, kwa ajili ya usafi. Kila mtu huacha yake kwenye rafu yenye visanduku, kwenye ukumbi nje ya ofisi yangu. Simu yangu ilipoanza kuita, nikasikia kwaya ikiimba ukumbini. Wimbo wa kanisani, wa sauti za wanawake, ukitokea ndani ya kisanduku. Ulinikera. Niliwaza, ni nani huyu anapigiwa simu wakati kama huu? Nikakata, nikapiga tena. Kwaya ikaanza tena, tangu mwanzo.

Mlangoni alikuwa amesimama mwenzake wa meza ile, mwanamke mrefu wa Kithimani, bado ana aproni na buti za mpira, anafuta machozi kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na maji ya maembe. Ndiye aliyemshika alipoanguka.

"Madam," akasema, "hiyo inalia ni simu yangu."

"Basi ipokee, au uizime."

"Lakini ni wewe unapiga."

Nikaitazama fomu. Nikalitazama jina. Nikamtazama yeye.

"Mbona aliandika jina lako?"

"Si mliandika mtu wa karibu?" Alishangaa kwamba nashangaa. "Mimi ndio tunakaa na yeye mezani. Hakuna mwenye ako karibu na yeye kunishinda."

"Na mama yake?"

"Mama yake ako karibu? Mama yake ako Muthetheni! Fimbo ya mbali haiui nyoka, madam. Tulijua mnataka mtu wa kumshika akianguka."

Alikuwa amemshika. Alifanya alichoandikiwa. Nilimwambia akanawe mikono, kisha nikafungua kabati na kutoa mafaili ya meza ya tatu. Wa kwanza alikuwa amemwandika wa pili, wa pili wa tatu, wakazunguka meza yote mpaka wa mwisho akamwandika wa kwanza. Walikuwa wameshikana mikono kwa kalamu. Meza ya nne ilikuwa hivyo hivyo. Kwa Kikamba kuna neno vakuvi, yaani hapa, pembeni yako, unaponyosha mkono. Waliisoma karibu yangu wakaielewa kwa vakuvi yao, wakajibu kwa ukweli mtupu. Mwenye kosa alikuwa mtaalamu wa lugha.

Simu ya yule mgonjwa tuliitoa kisandukuni. Ilikuwa imefungwa kwa mchoro wa kidole ambao hakuna aliyeujua. Mwenzake alijaribu mara tatu akaogopa. Adhuhuri ikaisha chaji.

Sasa nitaeleza nilichofanya baada ya hapo, na sitajipamba. Siku hiyo tulikuwa na wageni, wakaguzi waliotumwa na mnunuzi mkubwa, na mimi ndiye niliyepangiwa kuwaonyesha mafaili ya mafunzo. Mkurugenzi aliniuliza, "Umepata watu wake?" Nikasema nashughulikia. Nilikuwa nimetuma ujumbe kwa karani mmoja wa ofisi ya chifu, hakujibu, na nikajiambia kwamba dada atazinduka atupe namba mwenyewe. Jioni nilipitia hospitali. Alikuwa amelala, anapumua vizuri. Daktari alisema ni mshipa kichwani, na kwamba ni kungoja. Nikaenda nyumbani nikapika.

Jumatano asubuhi, nikinywa chai ofisini, macho yangu yaliangukia ukutani, kwenye orodha ya wanaotuletea matunda. Mmoja wao alikuwa mzee wa ndizi wa Muthetheni. Namba yake ilikuwa pale tangu mwaka uliopita. Ilikuwa pale Jumanne nzima, juu ya kichwa changu. Nilimpigia, akampigia mkewe, mkewe akatembea mpaka kwa jirani anayesali na mama yule, na haikupita saa moja mama akawa amepatikana. Saa moja tu! Majuto ni mjukuu, ndivyo watu wasemavyo, na wangu alizaliwa hapo hapo akanikalia mapajani.

Nilifika wodini kama saa tano. Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na mama mmoja mzee, mguu wake umefungwa plasta mpaka pajani, anasuka kiondo akiwa amelala chali. Kati ya vitanda kulikuwa na pazia la kijani. Nilivuta kiti nikakaa. Baada ya muda dada akafungua macho. Hakunitambua nadhani, au alinitambua kama mtu wa kazini tu, bila jina.

"Mwaitu amefika?" akauliza. Mwaitu ni mama, kwa Kikamba. Hilo nalijua.

Mwaitu alikuwa bado Muthetheni, barabarani, anangoja gari. Nilijua hivyo kwa sababu mzee wa ndizi alikuwa amenipigia punde tu.

"Yuko karibu," nikasema.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Labda ni kwa sababu ndivyo tunavyosema sote, mtu akiwa bado hajavaa viatu, yuko karibu. Yeye aliitikia, "Sawa," kisha akageuza uso polepole kuelekea mlangoni, akautazama. Kila mtu alipoingia, muuguzi, mwenye kusukuma chakula, mgeni wa mtu mwingine, nilimwona akijaribu kuinua shingo. Nikamwambia apumzike. Hakuutoa uso mlangoni. Nilitoka kupiga simu, nikarudi, yuko vile vile. Alifariki saa saba na kitu, macho yakiwa huko.

Mama alifika saa tisa.

Alikuwa mwanamke mfupi, mkakamavu, amevaa kitambaa cha kichwani cha kanisani, na ameshika chupa ya uji. Alikuwa ameambiwa mtoto ni mgonjwa, na mtoto mgonjwa huletewa uji. Daktari alimwambia. Hakupiga kelele. Aliketi kwenye kile kiti changu, chupa mapajani, akamfunika mwanawe miguu ingawa ilikuwa imefunikwa. Kisha akanigeukia.

"Aliamka?"

Nilikuwa na muda wa kusema ukweli. Watu husema neno lilimtoka mtu, mimi halikunitoka, nililichagua. Niliona kwamba nikisema ndiyo, ataniuliza alisema nini, na nikisema alichosema, ataniuliza nilimjibu nini.

"Hapana, mwaitu," nikasema. "Alilala tu. Hakujua chochote."

Akatikisa kichwa. "Ni vizuri," akasema. Nilitoka nje kumpigia mkurugenzi.

Tulizika Muthetheni. Kampuni ilipeleka basi zima, na mimi nilisoma risala kwa Kiswahili kilichonyooka, mpendwa wetu, pengo lisilozibika, mambo hayo. Baba angeisifu. Nilipomaliza nikaona mama ananitazama, na macho yake hayakuwa na machozi wala ubaya, yalikuwa yanangoja tu, nikadhani anangoja nikae.

Wiki iliyofuata nilimpelekea vitu vya mwanawe, buti, kikombe, sweta na ile simu. Aliniuliza kwa nini habari zilichelewa. Nilimweleza juu ya fomu na neno karibu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mngeuliza mundu wa musyi," akasema. "Mtu wa nyumbani. Angeandika mimi."

Niliandika fomu upya siku hiyo hiyo. Mtu wa nyumbani, uhusiano wenu, namba mbili, na mahali anapokaa. Ni kurasa mbili sasa. Nilizunguka meza zote na watu wawili wa kunitafsiria, nikamwuliza kila mtu kwa mdomo. Hakuna aliyecheka.

Ungesema limekwisha. Lakini tulikuwa na mashine ya kusoma vidole mlangoni, na kila asubuhi mashine hiyo inanitolea karatasi yenye majina ya wote na safu mbili ambazo, naam, nilizitafsiri mwenyewe: Amefika. Hajafika. Kila asubuhi jina lake lilikuwa kwenye safu ya pili. Hajafika. Kulifuta ni kazi ya dakika moja, na ni mimi pekee mwenye ruhusa. Sikuweza. Nilikuwa namwona akiinua shingo. Nilikuwa naiona Hajafika ile nikijua si yeye inayemsema, ni mama yake. Mkurugenzi ndiye aliyegundua baada ya wiki nyingi, akakaa kwenye kiti changu akalifuta mwenyewe bila kunigombeza. Mpaka leo nikifungua ile karatasi jicho langu huenda kwenye mstari ule kwanza. Siku hizi kuna jina la mtu mwingine pale, kijana wa Kangundo anayechelewachelewa, na namchukia bila sababu.

Na kulikuwa na simu. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya kanisa, kama saa nane mchana, mama alinipigia. Mara ya kwanza nilidhani kuna tatizo la cheti cha kifo.

"Mwanangu, ni mimi," alisema. "Nimekusalimia tu."

Aliniuliza kazi inaendeleaje. Watu wameongezeka? Wameongezeka, mwaitu. Mvua huko iko? Iko kidogo. Kisha nasikia kuku wake tu. Kisha:

"Hakuna kingine?"

"Hakuna, mwaitu."

"Haya, mwanangu. Mungu akulinde."

Hivyo hivyo, mwezi baada ya mwezi. Maneno yalibadilika kidogo, ndengu zimeota, mbuzi amezaa, lakini mwishoni ni lile swali, na jibu langu lile lile. Nilidhani anataka kampuni imfanyie jambo na anaona haya kulisema. Nikamwuliza kama ana shida yoyote. Akasema yeye hana shida. Ilifika mahali Jumapili ile ikikaribia naanza kuiogopa tangu Ijumaa. Mwezi mmoja niliilaza simu kifudifudi juu ya kitanda, nikaiacha iite mpaka ikanyamaza. Hakupiga tena siku hiyo. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikiomba apige. Ofisini watu walikuja kulia kama kawaida, nami niliwapa tishu na kuwaambia kwamba mficha uchi hazai, semeni, jambo likisemwa hupungua. Nilikuwa nawaambia hivyo nikiwatazama usoni!

Ulipita mwaka na zaidi. Kisha yule mwanamke mrefu wa Kithimani akaamua kuacha kazi, anarudi kwao kulima. Mtu akiacha kazi huja kwangu kujaza karatasi za kuondoka na kuzungumza kidogo. Alijaza. Akaweka kalamu chini.

"Ule wimbo niliutoa kwa simu," akasema. "Hata kanisani wakiuimba natoka nje."

"Na mimi nausikia," nikasema. Ni kweli. Niliwahi kuusikia sokoni, kwenye kibanda cha nguo, nikasimama katikati ya watu kama niliyesahau kutembea.

"Mimi nilienda kwa mama yake," akasema. "Nikamwambia yote. Vile alianguka, vile alisema, vile nilimshika. Nilikuwa naogopa, lakini nikasema ni haki yake. Wewe ulienda, madam?"

"Nilienda. Nilipeleka vitu."

Alinitazama kama anavyotazama embe lililooza ndani. Alinipa mkono, akaenda zake.

Jumamosi ile niliomba pikapu, nikaendesha mwenyewe mpaka Muthetheni. Nilimkuta mama uani, turubai limetandazwa, ndengu zimekwisha kupurwa, amekaa anachambua mawe. Hakushangaa kuniona. Alinisogezea kigoda, akanisukumia ungo. Nikaanza kuchambua pia, kwa sababu ni rahisi kusema jambo mikono ikiwa na kazi.

"Mwaitu, nilikudanganya," nikasema. "Aliamka."

Vidole vyake viliendelea.

"Alikuuliza. Aliuliza kama umefika. Nikamwambia uko karibu. Na ulikuwa hata hujapata gari. Na ningekutafuta Jumanne ungefika. Namba ilikuwa ukutani kwangu. Nilikuwa na wageni."

Alitupa jiwe dogo pembeni. "Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Yule mama wa kiondo. Nilipokuwa nakusanya nguo za mtoto, aliniita. Akasema, mtoto wako aliuliza mama, na huyo madam akamwambia mama ako karibu. Nilijua kabla tutoke hapo hospitali."

Nilizihesabu zile Jumapili zote kichwani. "Mbona hukuniambia?"

"Si mimi wa kusema. Ilikuwa ni yako. Nilikuwa nakuuliza kila mwezi."

Nililia. Sikulia vizuri, nililia kama wale ninaowagombeza. Aliniacha. Hakunishika bega wala hakuniambia nyamaza. Alichambua mpaka ungo wake ukawa safi, akamimina kwenye gunia, akachota nyingine. Nikadhani tumemaliza. Nikadhani, sasa nitakuwa mzima.

"Kuna kitu kimoja yule mama hakuniambia," akasema. "Kulikuwa na pazia, hakuona. Ulipomwambia hivyo, alifanya nini?"

Ningeweza kusema alifunga macho, akalala. Lilinijia mdomoni, tayari, limenyooka.

"Aligeukia mlangoni," nikasema. "Akautazama."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka mwisho, mwaitu."

Hapo ndipo mikono yake iliposimama. Iliganda juu ya ungo, vidole vimetanuka, na ndengu chache zikaanguka kwenye turubai. Hakuziokota. Alikuwa amebeba yale mengine mwaka mzima na zaidi akayaweza, na mimi nikawa nimemletea hili, kutoka Machakos, kwa gari. Alikaa hivyo mpaka kivuli cha jiko kikatufikia. Kisha akasimama, akajipangusa rinda, akasema barabara itakuwa mbaya mvua ikinyesha, niende mapema.

Jumapili ya kwanza ya mwezi uliofuata nilikaa na simu mapajani tangu kutoka kanisani. Haikulia. Mwezi wa pili haikulia. Nilikuwa nimetamani zikome, na zimekoma, na nyumba yangu ikawa na ukimya wenye saa yake, saa nane mchana, unaingia na kukaa kama mgeni. Mwezi wa tatu nilipiga mimi.

Alipokea. Nilisikia kuku.

"Nimekusalimia tu, mwaitu," nikasema.

"Asante."

Nikamwambia kazi inaendelea. Nikamwambia watu wameongezeka, tumejenga jumba jingine. Alisema ni vizuri. Kisha nikangoja aniulize. Nilikuwa tayari kujibu chochote. Nilikuwa nimekaza simu sikioni mpaka sikio likauma.

"Haya," akasema. "Kazi njema, madam."